Mgeuza Kurasa

Simu ilikuwa ya Apondi, kioo kimepasuka pembeni,
na waya wa masikioni una ncha mbili, si tatu.
Tuliketi kwenye ngazi za nyuma za ukumbi wa kanisa, Ngara,
yeye kushoto, Mwendwa kulia, mimi katikati
nikishika simu, nikisoma maandishi ya chini
ya katuni ya Kijapani ambayo sauti yake sikuisikia.
Wao walisikia. Walitikisa vichwa kwa mpigo mmoja.
Mimi niliona tu midomo ikifunguka,
na maua ya mti wao yakipukutika polepole
kila mtu anapokaribia kusema neno na asiliseme.

"Huyu wa nywele fupi hatapata mtu," Apondi akasema,
"hata wimbo hajatungiwa."
Nikacheka. Zangu zilikuwa zimenyolewa Jumamosi.

Huku kwetu maua hayamsubiri mtu.
Jakaranda hupukutika Oktoba juu ya mitumba,
mwenye kibanda huyakung'uta kwenye suruali
akilaani, na hakuna anayetazamana na mwenzake.

Mazoezi saa kumi. Apondi fidla,
kidevu kimelalia mbao kama mtoto aliyechoka.
Mwendwa kinanda, kile cha kanisa
chenye kitufe kimoja bubu, cha tatu kutoka mwisho.
Mwendwa: kwa lugha ya nyanya yake, apendwaye.
Jina limekwisha kujibu, wewe utauliza nini?
Na mimi mgeuza kurasa.

Ni kazi. Msiicheke.
Ukiwahi, umemnyima noti mbili; ukichelewa, umemzamisha.
Husomi muziki, unasoma shingo:
anainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayekubali
jambo ambalo hakuna aliyemwomba,
nawe unasimama, mkono wa kushoto, pembe ya juu,
usimzibie taa, usimguse bega,
uketi kabla hajakumbuka kwamba upo.
Nilimgusa bega mara moja. Julai. Sitaki kulizungumzia.

Tukisubiri chipsi, Apondi akaninong'oneza:
"Baada ya tamasha nitamwambia. Unaonaje?"
Nikasema, mwambie.
Nikaongeza pilipili mpaka macho yakapata kisingizio.

Usiku wa tamasha stima ikapotea
ukurasa wa nne, mstari wa pili.
Wazazi wakaguna. Jenereta ya duka la jirani
ikakohoa, ikakohoa, ikakataa.
Fidla ikanyamaza; Apondi haoni kitu.

Kinanda hakikunyamaza.
Wa nne ukaisha, wa tano ukaja, ukaisha,
hata kile kitufe bubu nikakisikia
kikigongwa pale pale panapostahili.
Kumbe alikwisha kuuhifadhi wote.
Tangu lini? Tangu kabla ya Pasaka,
aliponijia mlangoni mwa darasa akasema
"Wairuri, njoo unigeuzie, peke yangu sitaweza"?

Kiti kikalia. Nikajua ameinamisha kichwa.
Taa hakuna, haja hakuna, wa kuona hakuna.
Nikasimama. Mkono wa kushoto, pembe ya juu.
Nikageuza.

Stima iliporudi watu waliishangilia stima.
Apondi alikuwa amesimama, upinde umening'inia,
hamtazami yeye, ananitazama mimi,
mkono wangu ungali hewani
juu ya ukurasa wa sita, mahali sahihi kabisa.

Baadaye, kwenye ngazi, hakuna aliyesema.
Mwendwa alikuwa ndani akikunja viti, au akijifanya.
Apondi akatoa simu, akaufungua waya mafundo yake,
akanipa ncha moja, akaiweka sikioni mwangu mwenyewe.
Ya pili hakuichukua.
Ikabaki ikining'inia katikati yetu,
ikiimba kama mbu, ikimsubiri mtu.